Kujichua unyayo bila kujiumiza: mpira, chupa ya barafu na kisigino kinachouma

Mwalimu aliyefundisha miaka mingi kwenye sakafu ya saruji anayajua maumivu ninayoyasema. Unaamka, unateremsha mguu kitandani, na hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Unachechemea hadi bafuni huku umeshika ukuta, kisha baada ya hatua chache maumivu yanalegea na unajiona mzima. Ikifika mchana, vipindi vimeisha na madaftari bado hayajasahihishwa, yanarudi. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na kisigino changu cha kulia kimenipitisha kwenye karibu kila kifaa cha kujichulia ambacho mtu anaweza kukipata mjini. Nimeona pia wenzangu wakivitumia, wengine wakapata nafuu na wengine wakaongeza tatizo. Ndiyo sababu ninaandika.

Naweka msimamo wangu wazi mapema. Mpira wa tenisi, chupa ya barafu, rola ya mbao, mashine ya masaji, vyote hivyo vinatuliza. Haviponyi. Vinakutuliza kiasi cha kukuwezesha kufanya kazi inayoponya, yaani kuunyoosha mguu na kuutia nguvu. Mtu akikifanya kifaa kuwa ndiyo tiba yenyewe, nafuu ya jana ikiisha leo anakandamiza zaidi, na kesho zaidi tena. Hapo ndipo watu wanapojiumiza.

Kwanza ujue unachokichua

Kaa kwenye kiti, weka mguu unaouma juu ya paja la pili. Kwa mkono mmoja vuta vidole vyote vitano kuelekea kwenye ugoko. Sasa pitisha dole gumba la mkono mwingine katikati ya uvungu wa unyayo. Utausikia ukanda uliokaza, unaotoka kisiginoni kwenda mbele kwenye vidole. Huo ni utando mgumu unaoshikilia uvungu wa mguu usilale chini kila unapokanyaga, na hospitalini maumivu yake huitwa plantafashaitisi. Sehemu inayouma zaidi kwa kawaida ni pale unapoanzia, mbele kidogo ya kisigino upande wa ndani. Ukipabonyeza hapo utaruka.

Wengi wetu tunaamini kwamba pale pana kitu kilichoganda ambacho lazima kisagwe. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichunguza vipande vya utando huo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa wa muda mrefu. Walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kukatikakatika, bila dalili za uvimbe wa kawaida. Mwaka 2008 wengine wakapiga hesabu za nguvu zinazohitajika kuubadilisha umbo utando huu kwa mikono, wakaona kwamba hata kuubonyeza kwa asilimia 1 tu kunadai nguvu kubwa mno, kupita ambazo mwili wa kawaida unakutana nazo. Kwa hiyo mpira wako hauvunji kitu chochote mle ndani, wala haurefushi utando. Unachofanya ni kulegeza misuli midogo ya unyayo na kuzipoza neva kwa muda, na kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi.

Kuna na suala la mfupa ulioota. Mtu anapigwa eksirei, anaonyeshwa kijimfupa kilichochongoka chini ya kisigino, anarudi nyumbani ameshika picha akiamini ndicho kinachomchoma, halafu anatafuta kitu kigumu cha kukisaga. Watu wengi wasiosikia maumivu yoyote wanavyo vijimfupa hivyo. Hakisagiki, na hakina haja ya kusagwa.

Ambao wasiguse mpira kabla ya kuonwa

Sehemu hii nimeitanguliza kuliko maelekezo kwa makusudi.

Mama mkwe wangu ana kisukari cha miaka mingi. Aliponiona jioni moja nimekaa na chupa ya barafu chini ya mguu alisema, "Mkwe, nikimaliza swala nami nipe hiyo, miguu inanisumbua." Nikamwomba kwanza aniruhusu nimguse vidole vya miguu huku amefumba macho, aniambie nagusa kipi. Kidole gumba cha kushoto niligusa, nikangoja, nikagusa tena. Hakusema kitu. Alikuwa hasikii. Mguu kama ule ukiwekwa kwenye barafu unaweza kuungua kwa baridi bila mwenyewe kujua, na ukisugua kwa mpira wenye miiba unachubuka, kisha mchubuko unakuwa kidonda. Madaktari wa kisukari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala wasihisi, wakaamka na vidonda. Ganzi ya kisukari inafika huko. Kwa hiyo mwenye kisukari, hasa mwenye ganzi, asitumie barafu, asitumie maji ya moto, asitumie kifaa kigumu, hadi miguu yake ikaguliwe kliniki. Nilimpaka mama mafuta kwa viganja tu, polepole, kisha siku ya kliniki tukawaambia. Walimpima vizuri na wakatupa maelekezo ya viatu ambayo yalimsaidia kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho.

Ganzi haitokani na kisukari peke yake. Nyayo kuwaka moto usiku, kuchomachoma kama sindano, au kuhisi umevaa soksi wakati hukuvaa, hizo ni habari za neva na si za utando. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu, au kwa kinga yake, anaweza kupata hali hii, na ndiyo maana mara nyingi dawa hiyo huambatanishwa na vitamini B6. Akawaambie waliompa dawa. Mpira hautamfaa.

Shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, lina hatari yake. Kwa mwenye kisigino kinachouma ni sehemu nzuri sana ya kuchua, pengine kuliko unyayo wenyewe, lakini ipo hali moja ambayo kulichua kunaweza kuua. Kama mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto, unauma shavuni, na hasa kama umesafiri safari ndefu ya basi au ndege, umefanyiwa upasuaji, umefungwa plasta, au umejifungua karibuni, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukisugua, bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Natilia mkazo kwa waliojifungua kwa sababu huku kwetu pwani mama aliyejifungua hukandwa na kuchuliwa mwili mzima, na wanaomkanda ni mabibi wenye nia njema kabisa. Hatari ya damu kuganda iko juu sana katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Mguu mmoja ukivimba, msiukande. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini huvuja damu chini ya ngozi kwa mgandamizo mdogo tu, kwa hiyo waulize kwanza. Wenye vena zilizovimba wapite pembeni yake, wasipite juu. Wenye kidonda, fangasi iliyochanika katikati ya vidole, au ngozi ya kisigino iliyopasuka hadi ikatoa damu, watibu ngozi kwanza. Aliyechomwa sindano ya steroidi kisiginoni akae mbali na mpira mpaka aliyemchoma amruhusu, maana sindano ile hutuliza lakini inaweza kuudhoofisha utando, na utando dhaifu hukatika. Kama ulisikia "tap!" chini ya mguu ukiwa unakimbia au unaruka, kisha pakavimba, hapo usichue kitu.

Wakimbiaji nao. Mwalimu mwenzangu wa michezo alikuwa akijiandaa kwa Kilimanjaro Marathon kule Moshi, akaongeza kilomita haraka, kisigino kikaanza kuuma. Akadhani ni kama changu. Tofauti ni kwamba changu huuma zaidi hatua ya kwanza na hulegea nikitembea, chake kilizidi kadiri alivyotembea, na usiku kilikuwa kinapwita hata akiwa amelala. Mtaalamu wa fiziotherapia alimshika kisigino kwa viganja viwili, kushoto na kulia, akakibana kama anayebana chungwa, naye akaurusha mguu. Ule ulikuwa ufa kwenye mfupa. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuonyeshe, lakini kile kipimo cha viganja unaweza kukifanya nyumbani, na ukiona maumivu makali pembeni zote mbili, pumzisha mguu ukatafute daktari. Mfupa wenye ufa hauviringishiwi mpira.

Na watoto. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamika kisigino baada ya mpira wa miguu mara nyingi ana shida kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Apunguziwe mbio, avae raba zenye kisigino laini. Asichuliwe kisigino kwa nguvu.

Jinsi ninavyofanya

Kijana wa fiziotherapia pale hospitali alinisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu," kisha baada ya kunipima akaniambia maneno ambayo bado nayatumia: "Mwalimu, mpira usiukanyage. Uache mguu uukalie tu."

Maana yake unakaa. Kiti chenye kuegemea, miguu yote chini, mpira chini ya unyayo mmoja. Uzito unaokuwa juu ya mpira ni wa mguu wenyewe, pengine na mkono wako ukiuegemeza juu ya goti. Hiyo inatosha kwa watu wengi. Ukisimama, uzito wako wote unaingia kwenye eneo dogo kama sarafu, na papo hapo unakuwa umesimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachobingirika. Sakafu zetu ni za vigae au saruji iliyopigwa niru. Mpira ukiteleza, utaanguka na kuvunjika nyonga kwa sababu ya kisigino.

Mpira wenyewe hunikimbia, kwa hiyo niliuingiza ndani ya soksi ndefu nikafunga fundo. Nikikaa, nashika ncha ya soksi, mpira hauendi popote. Nautandikia mkeka au taulo.

Ninaanzia nyuma ya vile vifupa vya chini ya vidole, narudi taratibu hadi karibu na kisigino, halafu nasimama kabla ya kufika pale panaponiuma kuliko kote. Hapo sisagi. Napita kuzunguka, upande wa ndani wa uvungu, upande wa nje, katikati. Kila sehemu sekunde 30 hivi, mguu mzima dakika 2 au 3, basi. Hata nikisikia raha sizidishi 5. Nikikuta fundo linalouma vizuri, unajua ile ya kuuma unapotamani liendelee kubonyezwa, naliachia mpira hapo nivute pumzi mara kadhaa, naendelea.

Nguvu kiasi gani? Weka maumivu kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Yasizidi 3 au 4. Dalili nzuri ni kwamba unaweza kuendelea kuongea na mtu bila sauti kubadilika. Ukijikuta umekunja vidole, umeng'ata meno na umebana pumzi, misuli inajikaza kujilinda, na unashindana na mwili wako mwenyewe. Punguza.

Usichue ukiwa umemeza diklofenaki muda mfupi uliopita, au umejipaka ile dawa ya kuchua yenye kuwaka na kupoza. Maumivu ndiyo yanayokuambia umefika wapi. Ukiyanyamazisha kwanza, utakandamiza mpaka pasipostahili. Na mafuta yakitumika kwa mkono, yapanguse yote kabla hujasimama kwenye vigae.

Sasa sikiliza hili, ambalo kwangu ndilo la maana kupita yote. Huwezi kujua kama umejichua vizuri ukiwa bado umekaa na mpira. Karibu kila kuchua kunaleta raha palepale. Jibu linakuja kesho asubuhi kwenye hatua ya kwanza. Ikiwa hatua hiyo ni sawa na ya jana au ina nafuu, kiasi kile kinakufaa. Ikiwa imekuwa mbaya zaidi, umezidisha, hata kama jana usiku ulilala ukimshukuru Mungu. Acha siku 1 au 2, kisha rudi kwa nusu ya muda na nusu ya nguvu. Mimi nilikuwa na kalenda ya shule mlangoni, kila asubuhi naandika namba moja tu ya maumivu ya hatua ya kwanza. Bila kuandika, akili hudanganya, kwa sababu mtu anayeumwa kila siku anasahau juzi ilikuwaje.

Jambo moja ambalo sijaliona likisemwa sana: sisi wenye ngozi nyeusi hatuioni michubuko kwa urahisi. Maelekezo mengi yanasema ukiona alama ya bluu au nyekundu acha. Unyayo wetu ni mweupe kidogo, pale waweza kuona, lakini kwenye shavu la mguu na kifundo alama inaweza isionekane kabisa. Tumia vidole. Pakiwa pamevimba kidogo, pana joto, au panauma kuguswa tu siku inayofuata, hapo pamechubuka ndani hata kama ngozi haionyeshi.

Vifaa kimoja kimoja, nilivyoviona

Mpira wa tenisi uliokwisha kutumika, ule uliolainika, ndio bora kwa kuanzia. Mpira mpya unaweza kuwa mgumu mno kwa wiki za mwanzo. Mpira wa gofu sikushauri. Ni mdogo na mgumu, mgandamizo wote unaishia sehemu moja, na watu huutumia kwa kuamini kwamba kikali ndicho kinachotibu.

Mti wa kusukumia chapati unafaa sana kwa shavu la mguu, na hata kwa uvungu ukiwa umekaa. Kama ni wa jikoni, tafuta mwingine wa miguu.

Chupa ya soda ya kioo naiogopa. Kila nyumba ina kreti, na nimewaona watu wakiiviringisha chini ya mguu, wengine wakiwa wamesimama. Kioo kikipasuka chini ya unyayo hadithi ya kisigino inageuka hadithi ya kushonwa nyuzi. Chukua ya plastiki, ya nusu lita. Ijaze maji uache nafasi juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Igandishe. Izungushie kipande cha khanga au taulo jembamba, kwa kuwa barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na pia kwa kuwa chupa hutoa jasho na kuacha dimbwi pale utakaposimama. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mguu ukianza kufa ganzi, toa. Chupa hii naipenda jioni baada ya siku ya kusimama muda mrefu, kama siku za kusimamia mitihani.

Maji ya moto na chumvi ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtu, na sina ugomvi nayo kwa mwenye miguu inayohisi vizuri. Yanalegeza misuli. Chovya kiwiko kwanza kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Chumvi yenyewe haina inachofanya kwenye utando ule, lakini haidhuru kama ngozi haijapasuka.

Ile mashine ya masaji yenye umbo la bastola, inayogonga, imeingia sana sokoni. Rafiki yangu aliuziwa moja kwa bei ya kuumiza huku muuzaji akimhakikishia kwamba itayeyusha mfupa ulioota. Hakuna mashine ya masaji inayoyeyusha mfupa. Kwa shavu la mguu inasaidia: kasi ya chini kabisa, kichwa laini cha mviringo, dakika 1 au 2, inapita juu ya nyama tu. Isiguse mfupa wa kisigino, vifundo, ugoko, wala nyuma ya goti ambako mishipa ya damu na neva vinapita karibu na ngozi. Usiiegemee, uzito wake unatosha. Kwenye unyayo mimi siitumii kabisa, na sijaona nilichokosa.

Mipira yenye miiba hainipendezi sana. Inasisimua ngozi na watu wanaipenda kwa hilo. Ukiwa nayo, vaa soksi.

Usiazimane vifaa vya miguu bila kuviosha. Fangasi husafiri hivyo.

Kazi yenyewe inayoponya

Asubuhi kabla hujakanyaga chini, ukiwa bado umekaa kitandani, fanya kile nilichokueleza mwanzo: mguu juu ya paja, vuta vidole nyuma mpaka usikie ukanda umekaza, shikilia hadi 10, achia, rudia mara 10. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwapa wagonjwa wa muda mrefu zoezi hili mara 3 kwa siku, ya kwanza ikiwa kabla ya hatua ya kwanza ya asubuhi, wakapata nafuu zaidi kuliko waliokuwa wakinyoosha shavu la mguu peke yake. Ni zoezi la bure na halina hatari. Kama una dakika 3 tu asubuhi, zitumie hapa na mpira uuache uvunguni mwa kitanda.

Kisha kutia nguvu. Watafiti wa Denmark mwaka 2015 walilinganisha kunyoosha na kunyanyua visigino kwa uzito, na baada ya miezi 3 walionyanyua walikuwa mbele. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa, lakini miezi ya maumivu unayoipunguza katikati si haba. Unasimama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, kisigino kikiwa hewani, taulo lililokunjwa likiwa chini ya vidole ili viinuke juu. Shika ukuta. Panda kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Siku moja unafanya, siku inayofuata unapumzika. Wale wa Denmark walitumia mguu mmoja na walibeba mkoba wenye vitabu kuongeza uzito. Sisi walimu vitabu tunavyo. Anza na miguu yote miwili kama mmoja ni mzito kwako, na tumia kipimo kilekile cha kesho asubuhi.

Mpira naufanya kabla ya zoezi hili, dakika zile 2, kwa sababu mguu uliotulia unakubali kazi. Hapo ndipo kifaa kinapopata maana yake.

Na tafadhali, viatu vya ndani. Tumezoea kuvua viatu mlangoni, ni adabu nzuri na sitaki mtu aiache. Lakini kutembea peku kwenye vigae kutwa nzima na kisigino kibovu kunafuta kila ulichokifanya jana. Nilitenga ndala nene zenye soli laini ambazo hazitoki nje, ziko chini ya kitanda upande ninaoshukia. Kandambili zile nyembamba zilizokwisha kisigino hazisaidii.

Lini uende hospitali

Watu wengi hupona bila upasuaji, ingawa inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Kwa hiyo usikate tamaa mapema. Lakini ukifanya haya kwa wiki 6 na kalenda yako haionyeshi mabadiliko, nenda. Nenda mapema zaidi kama visigino vyote viwili vinauma, wewe ni kijana, na mgongo unakakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kwa sababu yapo magonjwa ya viungo yanayoanzia kisiginoni na yana dawa zake. Nenda kama kuna homa, uvimbe, wekundu, ganzi, au maumivu yanayokuamsha usiku. Na kama umeambiwa mtaani kwamba ni gauti na umeacha nyama, kapime. Gauti mara nyingi hushika kiungo cha dole gumba, kikavimba na kuwaka ghafla, na haifanani na maumivu ya hatua ya kwanza.

Ukifika, omba kuonana na mtu wa fiziotherapia, siyo kuandikiwa vidonge tu. Mwambie maumivu yalianza lini, yako wapi hasa, saa ngapi yanazidi, dawa zote unazotumia, na kifaa gani umekuwa ukikitumia kwa muda gani kila siku. Chukua na viatu unavyovaa kazini kila siku umwonyeshe. Wangu alivigeuza, akaangalia soli ilivyolika upande mmoja, akaniambia nisivivae tena.